Mwaka Ambao Ngoto Haikupelekwa

Kitabu cha jubilei ya miaka hamsini ya Chuo cha Ualimu cha Mtakatifu Gaudensi, Mholezi, kina kurasa arobaini na nane. Askofu yumo mara tano. Semeni binti Stambuli yumo mara moja, ukurasa wa thelathini na moja, amesimama nyuma ya sufuria, mwiko mkononi, na chini ya picha wameandika "Wapishi wetu". Katika picha hiyo yuko peke yake.

Ukurasa wa tatu unasema kwamba mwaka 1974 Mzee Stambuli "kwa moyo wa ukarimu aliwapa mapadre shamba lake la ekari arobaini". Huo ni uongo, na kila mtu mzima wa Mholezi anajua ni uongo. Stambuli hakuwa na shamba la kumpa mtu. Alikuwa mwanamume aliyekuja kuoa. Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa kikeni, ndio lukolo. Mume hulima shamba la mkewe kwa sababu ya mkewe, na wakiachana huondoka na jembe lake na nguo zake. Mkubwa wa lukolo ile alikuwa mjomba wa Semeni, kaka wa mama yake, na yeye ndiye aliyezungumza na mapadre. Wala hakuwapa ardhi. Aliwaazima.

Nayaandika maisha ya Semeni kwa sababu kitabu kimeshachapwa na hakuna mwenye nia ya kukisahihisha.

Padre Leonard, mwanzilishi wa chuo, alikuwa mgeni kutoka Ulaya, lakini alikuwa na sifa moja ambayo wenyeji wengi waliomfuata hawakuwa nayo: alisikiliza mpaka mwisho. Mjomba alimwambia kwamba ataitumia ardhi kwa muda wote atakaofundisha watu, ila asipande mti wa kudumu, kwa kuwa kwetu mwenye mti huishia kuwa mwenye ardhi. Na kila mwaka baada ya mavuno apeleke ngoto, yaani kapu la mpunga na jogoo mmoja, ishara ya kukiri kwamba amekaa kwenye cha watu. Ngoto si kodi. Hakuna aliyewahi kutajirika kwa jogoo mmoja. Ni adabu, na mtu akiacha kuitoa amesema neno zito bila kufungua mdomo.

Padre Leonard alipeleka mwenyewe. Kila mwezi wa saba watu wa Mholezi walimwona akishuka kilima na kanzu yake nyeupe, jogoo kwapani. Wanawake waliokuwa wakichota maji walimtania.

"Padre, unakwenda kuposa?"

"Mke nimekatazwa," alijibu siku zote. "Naposa shamba."

Semeni alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja alipoyasikia hayo kwa mara ya kwanza. Alipofika miaka ishirini na mmoja aliajiriwa jikoni chuoni, yeye Mwislamu katika nyumba ya mapadre, na hapakuwa na aliyeona ajabu. Alipika kwa kuni miaka mingi, mpaka nyusi zake zikakonda kwa moshi. Mwezi wa Ramadhani alipika bila kuonja, na wanafunzi waliujua mfungo kwa chumvi. Walimwita Mama Chumvi. Alicheka, lakini hakuonja.

Chuo kilianza kwa kufundisha makatekista na maarifa ya nyumbani, baadaye kikawa cha walimu wa shule za msingi. Ukipita leo kuanzia Mkuyuni mpaka Turiani, nusu ya walimu wakuu unaowakuta walikula ugali wa Semeni. Hilo halimo kitabuni.

Padre Leonard alipozeeka akarudi kwao, kazi ya kupeleka ngoto ilimwangukia Semeni. Mkuu wa chuo wa pili, padre mwenyeji, aliona ni jambo la mpishi, kwa kuwa jogoo anatoka bandani na banda liko nyuma ya jiko. Semeni alipeleka bila kukosa, miaka tisa mfululizo. Alimchukua jogoo wa chuo, akampelekea mjomba wake, kwa niaba ya watu waliokaa kwenye ardhi ya mama yake. Aliliona ni jambo la kawaida. Hapo ndipo kosa lilipokuwa limejificha: aliyekiri deni na aliyedai walikuwa wamekutana ndani ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na huruma.

Ulipofika mwaka 1998, mvua za Elinino zilikuwa zimekata barabara ya Mkuyuni na kuondoka na daraja. Mpunga wa bondeni ulioza. Chuoni walibaki wanafunzi sitini waliokula ndizi za kuchemsha asubuhi na jioni, na saba kati yao walilala na homa ya matumbo. Aliyekuwa hoi kuliko wote alikuwa kijana wa Turiani, mtoto wa mkata miwa wa mashambani, jina lake Evance. Bandani alikuwa amebaki jogoo mmoja, wa ngoto.

Semeni alikwenda ofisini kwa mkuu.

"Baba, huyu jogoo mwaka huu tusimpeleke."

"Mjomba wako atasema nini?"

"Mjomba nitamweza mimi. Watu saba wamelala pale hawana hata mchuzi."

Jogoo alichinjwa. Semeni alikaa siku tatu akimnywesha Evance mchuzi kwa kijiko, kijana hawezi hata kuinua shingo. Akapona. Mjomba alipoambiwa alisema, "Wewe ndiye uko kule, unayaona. Lakini mwakani waambie wasisahau."

Mwakani walisahau. Mkuu hakuuliza, na Semeni aliona haya. "Niende ofisini kudai jogoo?" alimwambia binti yake Shakila miaka mingi baadaye. "Wangesema mpishi ana njaa." Alingoja wakumbuke wenyewe. Mjomba akafa. Ukubwa wa lukolo ukaenda kwa Luqmani, mdogo wake Semeni wa tumbo moja, ambaye siku nyingi alikuwa Morogoro mjini akiuza mbogamboga za mlimani na hakutaka kusumbuliwa na habari za jogoo. Mwaka 2004 chuo kilipanda miti ya misaji, ile ya mbao, kuzunguka mpaka. Luqmani alikuja kutoka mjini na panga, tayari kuikata. Aliyemzuia njiani alikuwa Semeni.

"Waache, Luqmani. Ni kivuli cha wanafunzi tu."

"Msaji ni kivuli, dada?"

"Waache. Ni watu wa Mungu."

Sitaki kumpamba Semeni. Hapo alikosea, na alikosea mara mbili. Wema usiolinda cha watoto wake una kasoro ndani yake, na ukoo unaomwachia mpishi mmoja heshima yake yote umeshaitupa. Lakini kukosea kwa mtu mwenye huruma si ruhusa ya kumnyang'anya.

Miaka ikapita, chuo kikaanza kukauka. Taratibu za ualimu zilibadilika, wanafunzi wakashuka kutoka mia mbili na arobaini hadi thelathini na mmoja. Kukawa na mkuu mpya, na huyo mkuu alikuwa Padre Evance, yule yule kijana wa Turiani, ambaye baada ya ualimu aliingia seminari. Siku aliporudi Mholezi alikwenda moja kwa moja jikoni, kabla hata ya kuingia kanisani.

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba, baba. Umenenepa! Umepata wapi mchuzi kunishinda mimi?"

Walicheka mpaka wakashikana mikono. Siamini kwamba kicheko kile kilikuwa cha uongo. Ndiyo maana yaliyofuata yananiuma.

Bodi iliamua kukigeuza chuo kiwe cha uuguzi, na ili kisajiliwe ilitakiwa hati ya ardhi. Mpimaji akaja na bikoni zake za mpaka. Hakuishia kwenye majengo. Mstari ulishuka kilima, ukavuka kijito, ukachukua mgomba wa mwisho wa Semeni, shamba la magimbi ambalo Shakila alilima baada ya kuachika na watoto wawili, na makaburi ya lukolo, la mama yake Semeni likiwa la tatu kutoka kwenye kijito. Padre Evance alisema ramani ya mwaka 1974 ndiyo ilivyo, ekari arobaini. Kweli zilikuwa ekari arobaini. Ila Padre Leonard alikubali kwa mdomo kwamba ng'ambo ya kijito hatavuka, na mdomo hauonekani kwenye ramani.

Wakati huohuo Mwalimu Abel, mkufunzi wa historia, alipewa kazi ya kuandika kitabu cha jubilei. Alikuja jikoni na simu ya kurekodia.

"Mama, ni kweli mzee wako ndiye aliyewapokea mapadre?"

"Ndiye. Aliwaonyesha mpaka chemchemi."

"Kwa hiyo ndiye aliyewapa hapa."

"Aliwapa maji ya kunywa."

Abel alicheka, akaandika alichokuja kuandika. Kitabu kilipotoka, Semeni alimpa Shakila amsomee, kisha akamfuata Abel darasani.

"Mwalimu, mbona umemwandika baba? Baba hakuwa na ardhi huku, kwao ni Kibungo."

"Mama, historia inataka jina moja la kueleweka. Nikianza kueleza mambo ya kikeni, kitabu kitakuwa kinene."

"Basi ungekifanya kinene."

"Kimeshachapwa, mama."

Lukolo iliweka pingamizi kwenye ofisi ya kijiji, na mkutano ukapangwa. Swali lilikuwa moja: ardhi ile ilitolewa au iliazimwa? Maandishi ya kuazima hayakuwepo. Kilichobaki ni ngoto. Kama chuo kilikuwa kikipeleka ngoto, basi kilikuwa kikikiri, na upimaji ungesimama, walau ng'ambo ya kijito. Kama kiliacha kupeleka kwa robo karne na ukoo haukudai, basi wenyewe walikuwa wameshaiachia.

Siku mbili kabla ya mkutano Luqmani alikuja kwa dada yake, akakaa kwenye kigoda bila kuvua kofia.

"Dada, sikiliza. Utasema umeleta ngoto mpaka mwaka jana. Mimi nitasema nimepokea. Mbebaji wewe, mpokeaji mimi. Nani mwingine atabisha?"

"Padre Evance."

"Padre hajawahi kubeba jogoo hata siku moja."

"Alimla."

"Kumla kulikuwa mwaka mmoja. Miaka mingine anajuaje?"

Shakila alikuwa akimenya magimbi. Aliweka kisu chini. "Mama, sema tu. Wao wameandika babu katoa ardhi, wamechapa na rangi, wamembandika askofu. Waliogopa nini? Wewe unaogopa nini?"

"Siogopi."

"Basi?"

"Wao wameandika uongo, na uwakalie tumboni. Mimi nikisimama pale nitaulizwa kwa jina langu."

"Na wanangu watalima wapi?" Shakila aliuliza. "Lima jina lako, basi, tule."

Shakila ananiambia mama yake siku ile alikosa hamu ya kula, na asubuhi yake hakwenda jikoni chuoni, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa.

Mkutano ulikaa saa nne asubuhi. Ukumbi wa kijiji ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mwenyekiti wa kijiji alisoma pingamizi. Luqmani akasimama, akasema bila kupepesa kwamba amepokea ngoto kila mwaka tangu aushike ukubwa, na kwamba aliyemletea ni dada yake. Watu wakaguna. Wengine waliguna kwa furaha, wengine kwa kujua.

Semeni akaitwa. Kabla mwenyekiti hajauliza, Padre Evance aliomba nafasi. Aliongea taratibu, kwa heshima zote.

"Mama yangu, mwaka wa Elinino mimi nilikuwa mwanafunzi hapa. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, baba. Ulikuwa unataka kufa."

Watu wakacheka.

"Jogoo wa ngoto mwaka ule alikwenda wapi?"

Semeni alimtazama, na waliokuwa mbele wanasema alimtazama kama mtu anayepima kama uji umeiva.

"Ulimla wewe, baba. Wewe na wenzako sita. Mchuzi ulikuwa mtamu?"

"Ulikuwa mtamu, mama. Mungu akulipe." Hakuinamisha macho. "Na baada ya mwaka ule, uliwahi kupeleka mwingine?"

Luqmani alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwake, akimkazia macho. Shakila alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Semeni alivuta kanga yake, akaifunga upya mabegani.

"Sikupeleka," alisema. "Sikupewa wa kupeleka, na mimi sikudai. Lakini wewe unajua kwa nini yule hakufika. Waambie na hilo."

Padre Evance alikaa. Hakuwaambia na hilo.

Nimelifikiria swali lile mara nyingi. Padre Evance hakutamka uongo hata neno moja siku ile, na wapo wanaomtetea kwa hoja hiyo. Mimi siitambui hoja hiyo. Alichagua swali ambalo jibu lake analijua, akamwuliza mtu ambaye anajua hatadanganya, na kilichompa ushindi ni ule ule mchuzi uliomponya. Mtu anaweza kusema kweli tupu na akawa amefanya dhambi. Tunawafundisha hivyo watoto wa kipaimara, kisha wakikua tunawaachia wasahau. Luqmani alidanganya mchana kweupe, naye simtetei. Lakini kati ya hao wawili, kanisa lilikuwa limemsomesha mmoja.

Pingamizi lilitupwa kabla ya saa saba. Nje, Luqmani alimsogelea dada yake, na maneno aliyomwambia yalisikika mpaka barabarani.

"Umewapikia miaka arobaini. Leo umewapakulia na ardhi."

Tangu siku ile hajamwita dada. Akimtaja husema "yule mpishi".

Wiki ya tatu mafundi walianza kuchimba mashimo ya uzio. Shakila alipewa siku kumi na nne kuondoa mazao. Aling'oa magimbi machanga, yasiyofaa kuliwa wala kuuzwa, akayatupa njiani ili kila anayepita ayakanyage.

Padre Evance alikuja nyumbani kwa Semeni siku ya kumi na mbili, na karatasi yenye mhuri wa chuo. Hakukaribishwa ndani, wala hakuomba kuingia. Walizungumza wamesimama uani.

"Mama, najua una uchungu na mimi."

"Sema ulichokuja nacho, baba."

"Nimeiomba bodi. Siku ikifika, na tunamwomba Mungu iwe mbali, wewe utazikwa palepale kwa mama yako. Uzio utafunguliwa. Tumeiandika, imesainiwa, hakuna mkuu atakayekuja baadaye akaibadilisha."

Semeni aliitazama karatasi bila kuipokea.

"Nani mwingine yumo humo?"

"Wewe, mama. Kwa heshima ya utumishi wako wa miaka arobaini."

"Na Shakila?"

"Shakila si mtumishi wa chuo."

"Na watoto wake?"

Semeni alingoja, akampa muda wa kutosha, kama alivyomngoja kila mtu maishani mwake.

"Baba," alisema mwishowe, "pale alipolala mama yangu hakulala peke yake. Yupo na mama yake, na dada zake, na mimi nilitakiwa niende, kisha Shakila aje. Nikilala pale mwenyewe, kwa karatasi yako, nitakuwa mgeni wenu. Nimeshawapikia wageni wenu vya kutosha."

"Mama, usikatae kwa hasira."

"Sina hasira. Nenda, baba. Mchana umekuwa mkali, na wewe hupatani na jua tangu zamani."

Alimsindikiza mpaka mwisho wa ua, maana hivyo ndivyo mgeni anavyoagwa kwetu, kisha akarudi kufunga mizigo, kwa kuwa Shakila alikuwa ameamua wahame wakatafute pa kulima.

Uzio upo. Chuo cha uuguzi bado hakijasajiliwa, kwa kuwa hati ilikuwa sharti moja tu kati ya mengi, na mengine yaliwashinda. Mabweni mawili yana kufuli. Ng'ambo ya kijito hakuna anayelima, na nyasi zimefika kiunoni. Kitabu cha jubilei kinauzwa ofisini kwa yeyote anayetaka kuijua historia.

Semeni yuko Dakawa na bintiye. Shakila analima mpunga kwenye jaruba la kukodi, la mtu asiyemfahamu, kwenye skimu ambayo maji hufunguliwa kwa zamu. Semeni hubaki na wajukuu. Nilipokwenda kumsalimia nilimkuta akipepeta, akanipa kiti, akaniuliza habari za watu wote wa Mholezi kwa majina, na Luqmani akawa wa kwanza. Chuo hakukiuliza.

Mjukuu mkubwa alikuwa na kazi ya shule, kujaza jina, umri na mahali anapotoka. Alimfuata bibi yake na kalamu.

"Bibi, kwetu ni wapi?"

Semeni hakuacha kupepeta. "Andika Dakawa," alisema.